Nilimkamata "hacker" wa Busisi kwa ushahidi wote, kesi ikanigeukia mimi mwenyewe

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo, wenye chaji na mnaosomea kwenye asilimia za mwisho.

Hiki ninachoandika hakina chumvi. Ningekuwa mtu wa kuongeza chumvi ningejipa sehemu nzuri zaidi, maana humu hakuna anayetoka vibaya kuliko mimi. Majina ya watu nimeyabadilisha. La kwangu nimeliacha, Magesa, na mkimaliza kusoma mnaweza kunipa jingine.

Naishi Ilemela, juu kwenye mawe. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na send-off. Kwetu asili ni Ukerewe.

Jioni nikifunga kompyuta nacheza gemu ya simu, hizi za vikosi. Mnakuwa wanne kwa wanne, mnajificha kwenye majengo na vichaka, mnatafutana kwa bunduki mpaka upande mmoja uishe. Jina la gemu naliacha. Wanaocheza wameshaijua, na wasiocheza halitawasaidia kitu.

Kabla hujacheka kwamba mtu mzima na ndevu zake anacheza gemu, tulia kwanza. Sababu za kunicheka zinakuja, na ni bora kuliko hiyo.

Hapa Mwanza tuna ligi yetu. Siyo kubwa, lakini tunaiheshimu. Msimamizi wake ni Mwalimu Deo, mzee wa Kihaya kutoka kule Muleba, amestaafu kufundisha hesabu. Yeye mwenyewe hachezi. Ukimpa simu yenye gemu anaishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa mtu mwingine. Tulimpa usimamizi kwa sababu ndiye pekee ambaye wote tunamwogopa.

Chini yake kuna kamati ya kukamata wanaocheza kwa udanganyifu. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa mimi.

Nilichaguliwaje? Kwenye kikao nilipendekeza kamati iwepo, nikapendekeza jina langu, na kabla mtu hajafungua mdomo nikashukuru kwa kuaminiwa.

Kwa wasiojua, kwenye hizi gemu kuna watu wanaweka programu za wizi. Kuna programu inayokulengea bunduki yenyewe, wewe kazi yako ni kubonyeza tu. Na kuna inayokuonyesha adui hata akiwa nyuma ya ukuta. Kumkamata mtu wa namna hiyo unaangalia rekodi ya mechi taratibu. Ukiona amegeukia pale ulipojificha kabla hajakuona, na anafanya hivyo kila mara, basi ujue hapo kuna jambo.

Kazi niliijua, siyo siri. Nilishawakamata vijana wawili watatu kwa haki kabisa, nao wakakiri. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba. Nikawa nikikutana na mchezaji mtaani namwangalia machoni kidogo kabla ya kumsalimia, nione kama atababaika.

Sasa msimu huu ulikuwa mtamu kuliko yote. Kikosi kitakachoshinda ndicho kingetuwakilisha Kanda ya Ziwa kwenye fainali Dodoma. Kikosi changu kilikuwa mimi, binamu yangu Majura, na jamaa wawili wa Kirumba, na hao nao ni watoto wa Ukerewe waliohamia mjini. Tulishaanza kubishana Dodoma tutavaa jezi ya rangi gani.

Na tulikuwa na siri ya ushindi. Sikilizeni akili yangu.

Gemu ina sehemu mbili za kuongea. Moja mnasikika nyie wanne tu. Nyingine mnasikika na wote, pamoja na maadui. Ile ya wanne kwetu ilikuwa inakatika sana, sauti inafika mtu ameshakufa. Ile ya wote ilikuwa safi kama redio.

Nikawaambia wenzangu, kwani shida iko wapi? Tufungue ile ya wote, tuongee Kikerewe. Nani Mwanza hii atajua? Wachezaji wenyewe ni vijana wa mjini, lugha ya bibi zao wameiacha stendi. Isitoshe adui akisikia lugha asiyoijua inampigia kelele sikioni, anachanganyikiwa. Niliiita vita ya kisaikolojia.

Na siyo kwamba sikufanya utafiti. Niliuliza kwenye grupu la ligi, kama mtu anayetania tu: "Humu kuna Mkerewe yeyote zaidi yetu?" Kimya. Nikaona tumemaliza.

Tukashinda mechi moja baada ya nyingine. Mimi nikielekeza kwa Kikerewe kwa sauti ya kuita ng'ombe, Majura akiitikia.

Halafu tukakutana na kikosi cha Busisi.

Kiongozi wao alikuwa anatumia jina la Shangazi. Tulichokuwa tunajua ni kwamba ni mama wa makamo, wanamwita Mama Edgar, mwenye mgahawa pale magari yalipokuwa yanasubiri kivuko. Tangu daraja lianze kazi magari yanapita moja kwa moja, wanaosimama kula sato ni wachache. Mchana ukawa mrefu, mwanae Edgar alipokuja likizo akamfundisha gemu. Edgar akarudi chuo, mama akabaki na gemu.

Tukacheka sana. Mama ntilie anakuja kupambana na sisi!

Mechi ilianza, na kabla sijakaa vizuri Majura alikuwa ameshalala chini. Alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hata mimi ningemtafuta mpaka kesho. Shangazi alienda moja kwa moja kama mtu anayefuata oda yake dirishani.

Nikahamia kwenye choo cha ghorofa ya pili. Nikawaambia wenzangu kwa Kikerewe nipo chooni, njooni mnilinde. Aliyefika wa kwanza kuja kunilinda alikuwa Shangazi.

Tulichapwa mechi ile, tukaomba ya marudiano, tukachapwa tena. Kila tulipojificha anafika.

Wakuu, wajanja mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Mimi nilifungua faili la uchunguzi.

Nilichukua rekodi za mechi zote nikaziingiza kwenye kompyuta ya kazini. Nikapunguza kasi, nikaweka mishale myekundu, nikaweka duara kwenye kichwa cha Majura akiwa hai na kisha akiwa marehemu. Ushahidi ulikuwa unajieleza. Anageuka kabla ya kuona. Anarusha bomu nyuma ya ukuta mtu akiwa hajatoa hata unywele.

Na zaidi ya yote, alikuwa anaandika ujumbe katikati ya mechi. Kwenye mechi ya kwanza aliandika: "Jamani nawasikia."

Mimi nikaandika pembeni ya picha ile: ANAKIRI ANATUMIA PROGRAMU YA KUSIKIA NYAYO.

Kwenye marudiano aliandika: "Kaka Magesa punguza sauti, nina wateja." Hiyo nikaipa kichwa cha habari: DHARAU KWA KAMATI.

Video ilipokamilika niliituma kwenye grupu bila kuirudia kuiangalia, kwa haraka ya hasira. Kumbe mradi ule niliufungulia juu ya kazi ya harusi ya wiki ile, na muziki wake ulikuwa umebaki ndani. Kwa hiyo watu wanamwona Shangazi anamlipua Majura taratibu, huku kinanda kinalia na kwaya inaimba kuwakaribisha maharusi ukumbini.

Nilichukulia kicheko cha watu kama ishara kwamba wameshawishika.

Siku hiyohiyo kama mwenyekiti nikatangaza kwamba Shangazi amefungiwa, kikosi chake kimeondolewa, na kikosi kinachofuata kwa pointi ndicho kitaenda Dodoma. Kinachofuata kwa pointi ni kikosi gani? Mnakijua.

Mama Edgar akaandika kwa upole: "Mwenyekiti, mimi sina programu yoyote. Nawasikia tu."

Nikamjibu: "Tunashukuru kwa kukiri kwa mara ya pili."

Hapo Mwalimu Deo akaingia. Aliandika mstari mmoja: "Mtu hahukumiwi kwa video yenye kinanda cha harusi. Aje acheze mbele yetu."

Basi Jumamosi mchana tukakutana kwenye ukumbi wa gemu pale Kirumba, jirani na uwanja wa mpira. Watu walijaa mpaka mlangoni. Mama Edgar alivuka na wenzake watatu, amevaa gauni la kitenge na kandambili, mkononi kapu. Alitusalimia wote vizuri, akampigia Mwalimu Deo magoti kidogo. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu." Mimi nilimwitikia kwa kichwa, kama hakimu.

Masharti niliyapanga mwenyewe. Simu ya kukodi ya kamati, gemu iliyowekwa upya, simu yake inabaki mezani. Na kwa kuwa wote tulikuwa ukumbi mmoja na sauti zinarudiana, nikaamuru mic zote zifungwe na mtu asiongee.

Mnaona hiyo sentensi ya mwisho? Isomeni tena. Mimi ndiye niliyeiweka.

Tukacheza. Mama Edgar akapotea. Anazunguka majengo, anachungulia vichaka visivyo na mtu. Majura akampiga akiwa amempa mgongo. Tukarudia, tukashinda tena.

Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Mimi nikasimama juu ya kiti. Nilikuwa na hotuba, nimeiandaa toka jana yake, inazungumzia uadilifu na kizazi kijacho. Nilisema kwamba programu ikitolewa mtu anabaki alivyo. Nilisema, na hili linaniuma hadi leo, kwamba wengine warudi tu kwenye sufuria zao.

Watu wakacheka. Mama Edgar hakucheka wala hakukasirika. Alisubiri nishuke.

Halafu akamgeukia Mwalimu Deo. "Baba, naomba turudie mara moja. Sisi tukae kile chumba cha nyuma, mlango ufungwe. Na hawa vijana wacheze kama wanavyocheza siku zote, waongee kama wanavyoongea. Simu ni hiihii yenu."

Majura akanivuta shati. "Kaka, kataa. Tumeshashinda, tunarudia ya nini?"

Nikamwambia, "Mwache. Azame vizuri."

Wakaingia chumba cha nyuma kulikohifadhiwa kreti za soda, yeye na wenzake. Mwalimu Deo akaingia nao, asimame nyuma yake aangalie mikono. Mlango ukafungwa. Sisi tukabaki mbele na umati, mic wazi, ile ya wote, kama kawaida yetu.

Mechi ikaanza na mimi nikaanza kupiga kelele kwa Kikerewe. Majura, nyuma ya tangi la maji! Majura akaenda. Majura akafa.

Nyie wawili, pandeni kwenye paa, laleni upande wa bomba! Wakapanda, wakalala, wakafa wamelala vilevile.

Nikabaki peke yangu, na mahali pekee akili yangu ilipoona pana usalama ni palepale, choo cha ghorofa ya pili. Nikamwambia Majura nilipo, sijui kwa nini, maana alishakufa na hakuwa na msaada wowote.

Na hapo, wakuu, nikiwa nimejibanza, jasho linanitoka, nikaongeza maneno ambayo natamani ningeyameza. Nilimwambia kwa Kikerewe: usiwe na wasiwasi, hata nikifa nitasema simu ya kamati ina tatizo, tuhesabu zile za kwanza. Mzee Deo hajui kitu, nikimtajia mtandao atakubali tu.

Shangazi akafungua mlango wa choo. Nikafa.

Nikawa nimeshafungua mdomo nianze habari za mtandao.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mwalimu Deo akatoka ameshika ile simu ya kamati, bado ipo hewani. Nilipohema, nikasikia nahema na ndani ya simu yake. Nikasema "Mwalimu," na simu ikasema "Mwalimu" kwa sauti yangu.

Akasimama mbele yangu. Hakuongea Kiswahili. Aliongea Kihaya, taratibu, kama anaandika ubaoni.

Aliniambia kwamba ni kweli hajui bunduki ya gemu inashikwaje. Lakini tangi la maji amelisikia. Paa upande wa bomba amelisikia. Choo cha ghorofa ya pili amekisikia. Na mzee asiyejua kitu, huyo naye amemsikia vizuri sana.

Mimi sijawahi kujifunza Kihaya hata siku moja. Nilielewa neno kwa neno.

Kikerewe, Kizinza na Kihaya ni ndugu wa tumbo moja. Hilo bibi yangu kule kisiwani analijua, mchuuzi yeyote wa dagaa pale Mwaloni analijua, hata mimi nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua ana visigino. Sikuwahi kuliwaza. Mimi nilihesabu Wakerewe tu.

Majura alijaribu kuniokoa. Akamwambia Mama Edgar, "Lakini mama, kaka aliuliza kwenye grupu nani anajua, mbona hukujibu?"

"Aliuliza kama yupo Mkerewe," mama akasema. "Mimi ni Mzinza wa Busisi. Ningejibu nini?"

Ukumbi ukavunjika. Walionishangilia nikiwa juu ya kiti ndio hao walikuwa wanapiga meza. Mwalimu Deo akatoa uamuzi palepale. Kifungo kimefutwa, kikosi cha Busisi ndicho kinaenda Dodoma, na kamati inatafuta mwenyekiti mwingine. Sikupinga. Nilikuwa natafuta tu mlango uko upande gani.

Ningeishia hapo uzi huu ungekuwa wa kuchekesha. Lakini nilimfuata Mama Edgar nje, alikuwa anapanga vitu kwenye kapu lake. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nilikosea."

Akaniambia, "Nimeshakusamehe mwanangu, ni mchezo. Kufungiwa hakukuniuma. Ile video yako imesambaa mpaka imefika chuoni kwa Edgar. Akanipigia simu, akaniuliza, 'Mama, ni kweli?'"

Akafunika kapu. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Na yeye akauliza."

Niliona aibu ya kweli, siyo ile ya kuchekwa ukumbini. Ile ya ukumbini inaisha ukifika nyumbani.

Nikamwomba namba ya Edgar. Nikampigia palepale kando ya barabara, nikajitambulisha: mimi ndiye niliyetengeneza ile video, ni uongo, mama yako hana programu yoyote, alikuwa anatusikia kwa sababu mimi ni mjinga nilikuwa nampigia kelele mahali nilipojificha. Nikamweleza yote, mpaka choo.

Edgar alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akasema tu, "Bro, mpe mama simu."

Nikampa. Mama akageukia ukuta, akaanza kuongea na mwanae kwa Kizinza, sauti ya chini.

Nilikuwa naelewa kila kitu. Nikasogea mbali nisisikie.

Kwa mtakaouliza, Dodoma walifika nusu fainali, wakatolewa na vijana wa Mbeya. Mama Edgar anasema wale walikuwa wamefunga mic, watu wenye adabu zao. Kwenye kamati mwenyekiti sasa ni yeye. Majura amenihama, anachezea Busisi.

Somo nililopata ni moja. Ukishaamua mtu ni mwizi, hata akikwambia ukweli kwa maandishi unaugeuza kuwa ushahidi. Yule mama aliniambia ananisikia, na kila alipoandika hivyo nikaweka mshale mwekundu.

Sasa nawaachia uwanja. Swali langu kwenu: kumsikia adui aliyejiachia mdomo wazi, ni udanganyifu au siyo? Majura bado anabishana nami kwa hili. Na kama na wewe umewahi kumkamata mtu ukajikuta umejikamata mwenyewe, leta tuliwazane.

Matusi ruksa. Wahaya tu ndio naomba mtukane kwa Kiswahili, nyie nimeshawaelewa vya kutosha.